UMEME: MAJI, MAKAA YA MAWE AU NYUKLIA?

Wasomaji wa Meru na Embu wanaujua vema mto Tana. Mpakani mwa Embu na Ukambani mto huo umezuiwa kwa mabwawa matano: la kwanza ni Kindaruma, mwaka 1968, na la mwisho Kiambere, mwaka 1988. Maji yakiporomoka huzungusha mitambo, nayo hutoa umeme.

Lakini bwana wa maji ni mvua. Mwaka 2000 ilikosekana, mabwawa yakapungua, na umeme ukagawiwa kwa zamu. Ndiyo sababu njia nyingine hutafutwa.

Makaa ya mawe hayangoji mvua, ila moshi wake hudhuru mapafu. Mwezi Juni 2019 baraza la hukumu za mazingira lilifuta kibali cha kituo cha makaa huko Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Nyuklia haina moshi, bali ujenzi wake ni wa gharama kubwa, na takataka zake hubaki na hatari kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kituo hicho kisijengwe kwao. Mvuke wa ardhini, unaotumika Olkaria tangu 1981, haungoji mvua, lakini nao hutaka ardhi.

Hakuna umeme usio na gharama. Mabwawa ya Tana yalifunika mashamba na malisho ya Mbeere, na nyumba nyingi za jirani zilikaa gizani miaka mingi, nyaya zikipita juu yake. Basi kabla ya kuchagua, yafaa kuuliza: nani atabeba mzigo, na nani atapata mwanga?