Msikiti ulibomolewa, sauti za mateka zimebaki

MGENI anayetembea Wünsdorf, mji mdogo ulio kilomita 40 hivi kusini mwa Berlin nchini Ujerumani, hukutana na barabara iitwayo Moscheestraße, yaani Barabara ya Msikiti. Akiutafuta msikiti wenyewe atachoka bure. Ulibomolewa katika miaka ya 1920. Kilichosalia ni jina.

Majina ya mahali yana ukaidi huo. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi zilikwenda, masoko yakaja, majina yakakatalia pale pale. Jina la barabara ya Wünsdorf nalo ni mabaki ya vita hivyo hivyo, na kisa chake kinatuhusu sana sisi tunaojiita wataalamu wa lugha.

Wünsdorf ilikuwa sehemu ya uwanja wa mazoezi wa jeshi la Prussia tangu kabla ya vita. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, Ufaransa na Uingereza zilipeleka Ulaya askari kutoka makoloni yao: Wamoroko, Waaljeria, Watunisia, Wasenegali, Wahindi. Waliotekwa na Wajerumani, hasa Waislamu, walikusanywa hapo katika kambi iliyoitwa Halbmondlager, yaani Kambi ya Hilali. Wahindi wa dini nyingine, wakiwemo Masingasinga, waliwekwa humo pia. Jirani yake, Zossen, kulikuwa na Weinberglager, kambi kubwa zaidi iliyowafunga Watatari na Waislamu wengine kutoka jeshi la Urusi.

Kambi hizi hazikuwa za kufungia watu tu. Novemba 1914, Sultani wa Uturuki, mshirika wa Ujerumani, alikuwa ametangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Wajerumani, kwa kufuata fikra za watu kama Max von Oppenheim, walitumaini kwamba mateka wakitunzwa vizuri na kuhubiriwa vya kutosha, wangegeuka na kupigana na waliowatawala. Ndiyo maana wakachapishiwa magazeti kwa lugha zao. Na ndiyo maana wakajengewa msikiti.

Msikiti huo wa mbao, wenye kuba na mnara wa mita 23, ulifunguliwa Julai 13, 1915, Ramadhani ilipoanza. Ndio uliokuwa msikiti wa kwanza katika ardhi ya Ujerumani kujengwa kwa ajili ya ibada. Ajabu iliyoje! Nyumba ya Mungu ikajengwa na mkuu wa magereza, tena kwa hesabu za vita. Hata hivyo, hesabu hizo hazikutimia. Waliokubali kwenda kupigana upande wa Uturuki walikuwa wachache, na mwaka wa 1917 mateka wengi walihamishiwa Romania.

Hapa ndipo wanaisimu wanapoingia. Mwaka wa 1915 iliundwa Tume ya Fonografia ya Kifalme ya Prussia, mwenyekiti akiwa mwanasaikolojia Carl Stumpf na msimamizi wa kazi za kurekodi akiwa Wilhelm Doegen. Kwa wataalamu hawa, kambi za mateka zilikuwa neema. Badala ya kusafiri duniani kote kutafuta wasemaji, dunia ilikuwa imeletwa mlangoni mwao na kuzungushiwa seng'enge. Kufikia mwisho wa vita walikuwa wamerekodi santuri takriban 1,650 za lugha na lahaja zipatazo 250, mbali na mitungi ya nta zaidi ya 1,000 iliyonasa muziki. Miongoni mwa wataalamu hao alikuwamo Carl Meinhof, yule yule ambaye wanafunzi wetu wa Kiswahili humtaja kila wanapojadili ngeli za nomino.

Utaratibu wao ulikuwa mkali. Mateka alijaziwa fomu: jina, alikozaliwa, dini, kazi, lugha anazozijua. Matini yalikubaliwa na kuandikwa kwanza. Kisha msemaji alisimamishwa mbele ya faneli kubwa na kuyatamka bila kubabaika, kwa kuwa santuri haikuwa na nafasi ya kurudia. Wengine, hasa mateka Waingereza, walipewa kisa cha mwana mpotevu kutoka Injili ya Luka ili lahaja zao zilinganishwe. Fikiria mfungwa aliye mbali na kwao akiambiwa asimulie habari za mwana aliyerudi nyumbani kwa baba yake!

Mtaalamu alisikiliza irabu na konsonanti. Lakini msemaji alikuwa na lake la kusema. Desemba 11, 1916, Mpunjabi aitwaye Mall Singh alizungumza mbele ya faneli hiyo kwa muda wa dakika moja hivi. Alisimulia habari za mtu fulani aliyekuwa akila siagi kwao India, akaingia katika utumishi wa Waingereza, akaja katika vita vya Ulaya, akatekwa na Wajerumani. Mtu huyo anataka kurudi kwao. Akikaa huko miaka miwili zaidi, atakufa.

Zingatia nafsi aliyoitumia. Hasemi “mimi”, anasema “yeye”. Katika sarufi hiyo ni nafsi ya tatu, basi. Katika kambi yenye askari mlangoni, nafsi ya tatu inaweza kuwa ngao: mtu analia bila kuonekana analia. Mwanaisimu aliyesikiliza sauti pekee alipata data safi kabisa, akaukosa ujumbe.

Vita vilipokwisha, jeshi halikuihama Wünsdorf. Katika Vita vya Pili vya Dunia makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Ujerumani yalikuwa hapo, ndani ya mahandaki ya zege. Baadaye Wasovieti wakayageuza makao yao makuu hadi Warusi walipoondoka mwaka wa 1994. Mwaka wa 2015, kabla ya kujengwa kituo cha kupokea wakimbizi mahali pale pale uliposimama msikiti, wanaakiolojia walichimba na kupata masalio machache tu. Karibu na hapo, katika makaburi ya Zehrensdorf, wamezikwa Wahindi zaidi ya 200 ambao hawakurudi kwao.

Santuri nazo zimehifadhiwa Berlin, katika Lautarchiv ya Chuo Kikuu cha Humboldt. Kuna wanaosema kwamba bila tume ile tusingezisikia sauti hizo. Ni kweli. Lakini je, mfungwa anayeombwa azungumze anaweza kukataa? Ridhaa inayotolewa nyuma ya seng'enge ni ridhaa ya mashaka, hata kama fomu imejazwa vizuri.

Tusidhani kwamba suala hili liliisha na Wajerumani wa 1915. Nasi tunakwenda vijijini na simu zetu kurekodi wazee, methali na nyimbo. Tunapata shahada na kupandishwa vyeo. Mzee aliyetupa maneno yake anabaki “mhojiwa nambari tatu”, na rekodi haimrudii. Mtafiti mwadilifu humweleza msemaji sauti yake inakwenda wapi, huhifadhi jina lake kama mwenyewe anataka litajwe, na huwarudishia jamaa zake nakala. Zaidi ya yote, husikiliza kinachosemwa kabla ya kuhesabu irabu.