Timazi Kwanza, Nyundo Baadaye: Zana za Kukarabati Nyumba ya Mawe

Mtu akirithi nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, mara nyingi safari yake ya kwanza dukani huishia kwenye nyundo nzito, grainda na mifuko ya saruji. Anataka kuona kazi ikianza. Lipu iliyobanduka ipigwe chini, ukuta usawazishwe, saruji ipakwe, rangi imalizie. Baada ya masika mawili matatu lipu hiyo mpya inavimba, inapasuka na kuanguka kwa vipande vikubwa, na safari hii inabeba na mawe ya ukuta wenyewe.

Kinachokosekana hapo ni kuielewa nyumba kabla ya kuigusa. Bahati nzuri, zana za kuielewa nyumba ndizo rahisi kuliko zote.

Kuta za nyumba hizi zina unene wa nusu mita na zaidi. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yakashikwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba: upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kadiri boriti inavyoweza kuvuka bila kupinda. Saruji ya kisasa haikuwamo katika hesabu ya waliozijenga. Hataza ya saruji ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824, na viwanda vya pwani yetu, Bamburi huko Mombasa na Wazo Hill huko Dar es Salaam, vilianza kuzalisha miaka ya 1950 na 1960. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19.

Ukuta wa aina hii hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mvua huingia kutoka nje, kisha jua na upepo huukausha kupitia chokaa yenye vinyweleo. Ukiufunika kwa saruji, unaufungia maji ndani. Chumvi iliyomo hugeuka fuwele nyuma ya lipu, fuwele hizo huvimba, na jiwe laini la matumbawe humumunyuka na kuwa unga. Fundi akibandua lipu kama hiyo hukuta nyuma yake vumbi jeupe linalomwagika kwa kuguswa na kidole.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni timazi: kipande kizito cha chuma au shaba chenye ncha, kilichofungwa kwenye uzi. Kining'inizwe juu ya ukuta kutoka kwenye msumari uliojitokeza kidogo, kisubiriwe kitulie, halafu upimwe kwa rula umbali kati ya uzi na ukuta: juu, katikati na chini. Tuseme juu ni sentimita 5, katikati 3, chini 5. Ukuta huo umetoa tumbo. Tumbo la sentimita mbili katika nyumba ya miaka 150 huenda ni la tangu enzi za babu na halina haraka. Linaloleta hofu ni tumbo linaloongezeka, na hilo litajulikana tu ikiwa vipimo vimeandikwa daftarini pamoja na tarehe, kisha vikarudiwa baada ya masika na baada ya vuli.

Ufa nao una kipimo chake. Kalamu ya risasi inatosha: mistari midogo miwili mwishoni mwa ufa, kila upande, na tarehe pembeni. Mafundi wengine hupaka kiraka chembamba cha plasta ya jasi kuvuka ufa. Kiraka kikikatika, nyumba inatembea, na hapo kazi si ya mwenye nyumba tena. Ni ya mhandisi.

Halafu bisibisi pana ya kawaida. Boriti haiozi katikati ya chumba. Huozea pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali penye unyevu na giza, na hapo hapo ndipo mchwa huanzia. Panda ngazi ukiwa na tochi, choma kila kichwa cha boriti kwa bisibisi. Mti mzima hukataa ncha baada ya milimita chache. Uliooza hupokea bisibisi hadi mpini, bila kelele. Gonga pia kwa mpini wa nyundo: boriti nzima hulia kwa sauti kali, iliyoliwa ndani hutoa sauti ya uwazi. Ngazi na tochi hiyo hiyo zitumike kukagua mabati, mifereji na mabomba ya maji ya mvua, kwa sababu maji ndiyo adui mkuu wa nyumba hizi. Bomba moja lililoziba linaweza kulowesha pembe nzima ya nyumba kutoka ghorofa ya pili hadi msingi, na kulizibua ni kazi ya nusu saa.

Kwa usawa wa sakafu na dari, pima maji fupi ya dukani hudanganya katika nyumba ambayo hakuna mstari ulionyooka. Mafundi wa pwani hutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wenye urefu wa mita 10 au zaidi. Maji katika ncha zote mbili husimama kimo kimoja hata kama mpira umepita mlangoni na kukunja kona. Sharti ni moja: mapovu ya hewa yatoke yote kabla ya kupima.

Testa ya umeme isikosekane mfukoni. Nyaya za miaka mingi hufichwa ndani ya lipu bila mpangilio, na umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230 hadi 240. Zima swichi kuu, pima kwa testa, ndipo utoboe. Kubadilisha nyaya aachiwe fundi mwenye leseni.

Hapo sasa nyundo inaruhusiwa, lakini ile ya kilo moja pamoja na tindo. Nyundo kubwa ya kuvunjia hutikisa ukuta mzima, na ukuta wa mawe yasiyochongwa hushikana kwa uzito wake na kwa chokaa iliyokwisha chakaa. Ukitikisika, mawe ya ndani huteleza na kujaza tumbo. Grainda nayo hukata jiwe zima wakati kilichotakiwa kutolewa ni lipu mbovu tu. Kwa tindo mtu hubandua pole pole, akisikiliza: palipo na sauti ya uwazi panatoka, palipoganda panaachwa. Zaidi sana karibu na vidaka vya Lamu, vile visanduku vya ukutani vilivyochongwa kwenye lipu, ambavyo pigo moja la haraka linatosha kuviharibu.

Kazi ya chokaa inadai zana chache lakini inadai subira nyingi. Chokaa ya asili ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo ya mikoko. Joto la nyuzi 900 hivi huondoa hewa ya ukaa iliyomo ndani ya jiwe. Likimwagiwa maji, jiwe lililochomwa huchemka na kulainika. Likishapakwa ukutani, huivuta tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Ubora wake unaonekana Kilwa Kisiwani, ambako kuta na kuba za Msikiti Mkuu zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa zimedumu kwa karne nyingi.

Siku hizi chokaa huuzwa kwa mifuko. Ilowekwe kwenye pipa angalau usiku kucha, ikiwezekana wiki kadhaa, hadi iwe laini kama siagi. Mchanga upite kwenye chekeche, na usiwe wa ufukweni, kwa kuwa chumvi yake ndiyo ile ile inayokula ukuta. Kipimo cha kawaida ni karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Kabla ya kupaka, ukuta uloweshwe vizuri. Bomba la mkono la kunyunyizia dawa shambani, likiwa jipya na safi, hufaa kuliko ndoo na kopo. Mwiko mwembamba hujaza mapengo kati ya mawe, mwiko mpana hupaka tabaka lisilozidi sentimita moja, na kibao cha kusugulia hufuata lipu ikishaanza kushika. Baada ya hapo magunia yenye unyevu yatundikwe mbele ya ukuta kwa siku kadhaa. Lipu ya chokaa ikikaushwa na jua la saa saba, hupasuka kabla haijawa jiwe.

Chokaa mbichi huunguza. Tone likiingia jichoni linaweza kuleta upofu, kwa hiyo miwani ya kazi na glavu za mpira vihesabiwe miongoni mwa zana, sawa na mwiko. Barakoa nzuri ivaliwe wakati wa kubandua lipu na zaidi wakati wa kukwangua rangi ya mafuta ya zamani, ambayo huenda ina madini ya risasi. Rangi hiyo ikwanguliwe ikiwa imelowa, watoto wakiwa mbali, na mabaki yakusanywe yote.

Milango na madirisha huhitaji patasi zilizonolewa, randa na jiwe la kunolea. Nakshi isisuguliwe kwa mashine. Brashi laini na mafuta ya mbao vinatosha.

Drili, ngazi ndefu na jeki za kuegemeza dari si lazima kununua. Hukodishwa, au majirani wachangie. Lakini jeki zisimfanye mtu ajione mhandisi. Kutoa boriti moja iliyooza, dari ikiwa imeegemezwa pande zote mbili, fundi mzoefu anaweza. Kubomoa ukuta wa kati ili sebule ipanuke ni jambo jingine kabisa. Mnamo Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 huko Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na wafanyakazi wawili walifariki. Jengo hilo lilikuwa mikononi mwa wataalamu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Katika miji yote miwili ukarabati unahitaji kibali. Mwenye nyumba apeleke daftari lake la vipimo, picha za nyufa na orodha ya boriti mbovu kwa mamlaka ya uhifadhi kabla jiwe lolote halijatolewa, na aulize huko huko ni mafundi gani bado wanaijua kazi ya chokaa.