Kabla ya kununua ploti, uliza kiwanda kiliacha nini

UMEPATA ploti mahali palipokuwa na kiwanda zamani. Bei ni nafuu, barabara iko karibu na watoto watapata pa kuchezea. Lakini kabla hujatoa hata shilingi moja, msomaji, jiulize: kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza nini?

Swali hilo liliwakosesha usingizi wakazi wa mji wa Rochdale, Uingereza. Huko, kampuni ya Turner Brothers ilianza kufuma asbestosi kwa mashine mnamo 1879. Asbestosi ni jiwe lenye nyuzi lisiloungua kwa moto, na ndiyo sababu lilipendwa kwa mapaa, mabomba na breki za magari.

Mmoja wa vibarua wa kiwanda hicho, Nellie Kershaw, alifariki 1924 akiwa na umri wa miaka 33. Daktari William Cooke alipoyachunguza mapafu yake kwa darubini, alikuta chembe za madini hayo. Miaka saba baadaye, serikali ya Uingereza ikatunga kanuni za kuwakinga wafanyakazi na vumbi hilo.

Kiwanda kilikuja kufungwa, lakini hofu haikuisha. Mnamo 2004, wajenzi walitaka kujenga mamia ya nyumba kwenye uwanja huo. Wakazi walikuja juu, wakidai udongo uchunguzwe kikamilifu kwanza. Mvutano uliendelea hadi 2011, baraza la mji lilipokataa ombi la wajenzi.

Uchunguzi hufanywaje?

Wataalamu hawaanzi na jembe. Huanza na ramani za kale, rekodi za kiwanda na kumbukumbu za wazee waliofanya kazi humo. Wapi palitupwa taka? Shimo gani lilifukiwa?

Kisha huchimba mashimo machache, wakinyunyizia udongo maji ili vumbi lisipae. Huvaa barakoa maalum na mavazi ya kutupwa. Udongo hufungwa vyema na kupelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Hewa pia hupimwa. Nyuzi zikipatikana, udongo huo huondolewa au hufunikwa usifikiwe na mtu.

Kwa nini jasho lote hilo? Kwa sababu nyuzi hizi ni nyembamba kuliko unywele, hazinuki wala haziwashi. Mtu huzivuta leo na saratani ikabisha hodi miaka 20 hadi 40 baadaye. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani.

Hapa kwetu, kanuni za taka za 2006 ziliihesabu asbestosi kuwa taka hatari. Hata hivyo, yako majengo ya zamani ambayo bado yana mapaa hayo ya kijivu. Paa zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Balaa huja linapokatwa kwa msumeno, kuvunjwavunjwa au vipande vyake kutupwa wanakochezea watoto. Usilibomoe mwenyewe, tafuta waliopewa leseni na NEMA.

Na ile ploti? Waulize majirani wazee. Uliza ofisi ya kaunti palikuwa na nini. Ukisikia asbestosi, dai udongo upimwe kabla ya fundi kuchimba msingi. Nyumba yaweza kungoja mwezi mmoja zaidi. Mapafu ya mtoto hayana duka la vipuri.

Tahadhari kabla ya athari.