Doa la kijani kwenye sinki ni hasara kwa mfugaji

UKIONA doa la kijani au samawati chini ya bomba la sinki, usikimbilie kununua sabuni kali. Doa hilo ni shaba inayotoka ndani ya mabomba, na sehemu yake unainywa.

Mabomba ya shaba hupatikana katika nyumba za zamani, hoteli na ndani ya mitambo mingi ya kupasha maji kwa jua, inayotumiwa pia na wafugaji wa ng’ombe wa maziwa.

Shaba huliwa na maji yenye asidi, hasa pH ikiwa chini ya 6.5. Maji safi ya mvua huwa na pH ya karibu 5.6. Yakilala bombani usiku kucha, shaba huongezeka, na yakiwa ya moto ndiyo zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi, mnywaji anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, shaba hubaki.

Kwa mfugaji hasara haiishii hapo. Shaba kidogo tu ikiingia kwenye maziwa huharibu mafuta yake na kuyapa ladha ya boksi. Mnunuzi akiyakataa, lawama humwendea ng’ombe au mkamuaji. Kwa hiyo osha ndoo kwa maji moto na sabuni, lakini suuza mwisho kwa maji baridi yaliyokwisha kumwagika kidogo.

Je, unahitaji kung’oa mabomba? Tupige hesabu kwanza. Bomba la kipenyo cha milimita 15 lenye urefu wa mita 20 hubeba takriban lita 3. Hayo ndiyo maji ya kutoa kila asubuhi kabla ya kunywa au kupika. Kwa wiki ni lita 21, ndoo moja na ushee, nayo yatafaa kudekia. Gharama hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na kumlipa fundi abadili mabomba yote.

Hata hivyo, doa likiendelea, peleka maji maabara yapimwe pH, shaba na pia risasi, kwani viungio vya zamani vililehemiwa kwa risasi, ambayo ni hatari zaidi, hasa kwa watoto. Anayevuna mvua anaweza kuihifadhi kwenye tangi la saruji, ambalo hupunguza asidi.

Mwisho, usiruhusu fundi aelekeze maji yaliyopita kwenye shaba kuingia tangi la bati. Shaba hiyo huharakisha kutoboka kwa bati, na utanunua tangi jingine kabla ya wakati wake.