Je, Wajua? Mto Mmoja, Sheria Mbili
Ukisimama mpakani Mpondwe, karibu na Bwera wilayani Kasese, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iko ng'ambo tu ya mto Lhubiriha. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu, lakini marais wao hawapatikani kwa njia moja. Uganda, kwa katiba ya 1995, mshindi lazima avuke asilimia 50 ya kura; asipopatikana, wawili wa juu hurudiana ndani ya siku 30. Kongo nayo ilikuwa na duru mbili mwaka 2006, lakini Januari 2011 ikaifuta ya pili. Ndiyo maana Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa 2018 kwa takriban asilimia 38 tu. Ili rais wake naye avuke nusu ya kura, Kongo iirudishe duru ya pili.