Baka Lisilohisi Moto

Maradhi ambayo wazee wa pwani waliyaita jedhamu, nasi leo twayaita ukoma, yana hila moja: huanza bila maumivu. Baka hutokea mgongoni au mkononi, limefifia rangi, haliwashi wala haliumi, na mwenye nalo hulidharau akidhani ni choa. Hata siku moja, akiepua chungu mafigani, aona kiganja kimetoka malengelenge ilhali moto wenyewe hakuuhisi. Kumbe vijidudu, vile alivyovigundua tabibu wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873, vimekwisha kuidhuru mishipa ya fahamu.

Ukoma haukati vidole, kama isemwavyo vibarazani. Mkono usiohisi huungua na kukatwa pasipo mwenyewe kujua, na kwa kuwa kidonda hakiumi, hakimlazimishi mtu kupumzika, hata uchafu ukaingia na mfupa ukaoza. Hapo ndipo ufukara ushikapo kazi yake: mwenye viatu, awezaye kukaa kitako wiki kadhaa bila kukosa chakula, aghalabu hupona, ama yule alimaye pekupeku, ambaye asiposhika jembe leo wanawe hulala njaa, hukikanyaga kidonda kile kile kila siku, na nauli ya kwenda hospitali hana.

Dawa ipo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza mchanganyiko wa dawa unaomezwa kwa miezi 6 au 12, nao tangu 1995 hutolewa bure. Aliyeanza kuzimeza hukoma kuambukiza baada ya muda mfupi, na zaidi ya watu 95 katika kila 100 wana kinga ya maumbile. Ajabu ni kwamba mwaka 2023 duniani waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na baadhi yao walifika kwa tabibu wakiwa wamekwisha lemaa.

Waliocheleweshwa na umbali ni wengi, lakini kwa rai yangu fedheha imechelewesha wengi pia. Mtu akishatajwa kwa jina hilo, kikombe chake hutengwa, maandazi yake hayanunuliwi, mke hurejeshwa kwao. Basi nani asingelificha baka chini ya kanzu au kanga? Makambi ya zamani, kama lile la Nunge huko Kigamboni, yaliwauguza wagonjwa, walakini kule kuwekwa kando na watu kuliwafunza majirani kwamba mgonjwa ni wa kukimbiwa, na somo hilo limedumu kuliko makambi yenyewe.

Hata hivyo, yaliyofungwa na wanadamu hufunguliwa na wanadamu. Bunge la India mwaka 2019 liliufuta ukoma katika sababu za kuvunja ndoa, na Tanzania ilikuwa imekwisha teremka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mnamo 2006, ijapokuwa ziko wilaya ambako wagonjwa wapya wangali wakionekana.

Basi, ndugu msomaji, ukiona baka usilolielewa, fumba macho, umwambie mwenzio aliguse kwa unyuzi wa pamba. Usipohisi, nenda zahanati wiki hii hii, vidonge havilipiwi.