Mpasheni wa Bustanini, na Sababu Zinazouua Upesi

Mpasheni, ambao wengine huuita mkarakara, asili yake ni Amerika ya Kusini. Mti huu hauna nguvu ya kusimama peke yake. Hutambaa na kujishikiza kwa vikono vyake. Wengi wameupanda, nao wameuona ukinyauka ghafula baada ya mavuno ya kwanza. Mwenyewe hulaumu jua, au jicho la jirani. Kumbe adui alikuwamo udongoni tangu siku ya kupanda.

Yafaa kwanza kujua kuwa iko mipasheni ya namna mbili. Ule wa matunda ya zambarau hupenda nchi za juu, kama futi 4,000 hadi 6,500, nao huweza kuzaa kwa chavua yake wenyewe. Ule wa manjano hustahimili joto la pwani, lakini chavua yake haiufai wenyewe. Apandaye mmoja tu atapata maua bila matunda. Sharti apande kadha wa kadha, wala asiwafukuze wale nyuki wakubwa weusi watobao mbao, maana hao ndio wahamishao chavua.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Ni kuvu ikaayo udongoni miaka mingi, ikaingia mizizini na kuziba njia za maji. Hapana dawa ya kuuponya mti uliokwisha kushikwa. Lakini mpasheni wa manjano huvumilia zaidi. Kwa hiyo wakulima hodari huotesha mbegu za manjano, kisha mche ukiwa na unene wa kalamu huubebesha kijiti cha ule wa zambarau. Wakati wa kupanda, mahali pa kiungo pasifukiwe kamwe. Pakifukiwa, zambarau itatoa mizizi yake yenyewe, na faida yote imepotea.

Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, ulijaze udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Mche na mche iwe futi 6, mstari na mstari futi 10. Simamisha nguzo imara na kukaza waya juu kwa futi 6, kisha acha chipukizi mbili tu zipande, moja iende kulia na moja kushoto. Matunda ya kwanza huonekana baada ya miezi saba hadi tisa.

Yako pia maradhi ya virusi: majani huwa na mabaka, na matunda hubaki madogo, yenye ganda nene na gumu. Huenezwa na vidukari, na hata kwa kisu cha kupogolea. Basi safisha kisu kwa maji yenye klorini kila utokapo mti mmoja kwenda mwingine, na mti mgonjwa ung'olewe na kuchomwa moto.

Twawaomba wazee na waalimu wawaonye watu wasipokee miche wasiyojua itokako. Mti mmoja mgonjwa uliohurumiwa waweza kumaliza bustani za kijiji kizima.